Mume wangu hataki damu yetu ipimwe, nami ni mja mzito

Assalaam aleikum Somo,

Mimi ni mke wa mtu hapa Kisauni. Nina binti wa miaka mitatu na mimba ya miezi saba. Nakuandikia wewe kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia: mamangu ana presha, na dadangu hana kifua cha kuweka siri.

Binti yangu alitolewa jicho la kushoto mwaka jana. Ilianza kwa picha. Siku ya Idd tulimpiga kwa simu usiku, jicho moja likatoka jekundu kama ya watoto wengine, la pili likatoka jeupe linang'aa kama la paka. Mavyaa akasema ni husda, kwamba nguo niliyomvisha ilikuwa ya kutafuta macho ya watu. Mtoto akasomewa, akafukizwa ubani, miezi ikapita. Jicho lilipoanza kwenda upande ndipo babake akakubali twende kwa daktari wa macho. Yule daktari wa hapa mjini alimmulika mara moja tu, akaandika barua ya Nairobi. Huko wakatwambia ni retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, na jicho lile haliokoki, tuokoe roho. Alhamdulillahi la kulia ni zima, wala hakuhitaji dawa za saratani. Sasa ana jicho la bandia. Nikitaka kulisafisha huvuta kope mwenyewe, na wenzake huwaambia jicho lake lile hulala likiwa wazi.

Tulipomrudisha kukaguliwa karibuni, muuguzi mmoja akatuita kando. Akasema kuna utafiti wa saratani hii kwa upande wa vinasaba. Wanataka damu ya binti, yangu na ya babake, na kibali cha kutumia kipande cha ule uvimbe, kwa sababu jicho lilihifadhiwa maabara. Akasema majibu yatatujulisha kama huyu wa tumboni yuko hatarini. Karatasi inasema sampuli zaweza kuwekwa kwa miaka na nyingine kupelekwa maabara ya ng'ambo.

Mume wangu hakusema neno mpaka garimoshi lilipopita Voi. Kisha akasema: hapana. Kwanza, hatukuambiwa kwamba jicho limewekwa. Siku ya upasuaji mavyaa aliliulizia, akitaka lizikwe kama ada, akajibiwa "limeshashughulikiwa". Pili, damu ya mwanawe haiendi Ulaya kuchezewa. La tatu hakulisema mpaka tulipofika nyumbani na taa zimezimwa: "Na wakisema ni mimi? Au ni wewe? Tutakaa vipi nyumba moja?"

Somo, mimi na mume wangu ni watoto wa ndugu wawili wa kiume. Mavyaa hakuitaka ndoa hii tangu mwanzo, na sasa asubuhi na jioni neno lake ni moja, kwamba damu zilikaribiana mno na mtoto ndiye aliyelipa. Mimi mwenyewe nimeanza kuamini hivyo.

Nimefikiri hivi: mume ana duka la vipuri, hawezi kulifunga kila mara. Siku ya kumrudisha binti Nairobi naweza kwenda naye peke yangu, nitie sahihi, tutolewe damu sisi wawili, asijue. Karatasi nimeikunja ndani ya kitabu cha kliniki. Lakini nikiishika mkono unatetemeka. Nikimficha mume nitakuwa nimeivunja nyumba? Nikimtii nitakuwa nimemtupa huyu wa tumboni? Na binti yangu akiandikwa kwenye makaratasi kuwa ana damu yenye ugonjwa, nani atamposa?

Nilitaka kusahau jambo moja, lakini nitaliandika. Wazee hunong'ona kwamba ndugu wa baba zetu alifariki mdogo sana, na jicho lake lilikuwa limetoka nje. Haliongelewi.

Mama wa Kisauni

JIBU LA SOMO

Aleikum salaam mwanangu. Pole kwa yaliyompata binti, na Mungu akujalie ujifungue salama. Huyo mtoto anayewaambia wenzake jicho lake hulala wazi amenichekesha na kunitoa machozi kwa pamoja.

Umeniuliza kama uende kwa siri au umtii mume. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikaona mambo mengine manne yamebanwa ndani ya swali hilo: macho ya huyu ajaye, damu ya binti, utafiti wa watu wa maabara, na lawama iliyoingia nyumbani kwenu. Muuguzi aliyaweka yote kwenye karatasi moja, nanyi mkayachukua hivyo hivyo. Huenda yakitenganishwa utaona kwamba si yote yanahitaji sahihi.

Nianze na lawama, kwa sababu naona ndiyo inayokula moyo. Ugonjwa huu unatokana na jeni, yaani kinasaba, inayoitwa RB1, iliyoko kwenye kromosomu ya 13, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Kila seli ya mwili ina nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na moja kwa baba, na kazi yake ni kuizuia seli isizaane ovyo. Nakala moja ikiharibika, ya pili bado inatosha. Zikiharibika zote mbili ndani ya seli ya retina ya mtoto, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, uvimbe huanza. Aliyeligundua hilo ni daktari wa Kimarekani, Alfred Knudson, mwaka 1971. Alichukua mafaili ya wagonjwa 48 wa hospitali moja ya Houston, akapiga hesabu za umri walioanza kuugua, akaona wale waliougua macho yote mawili huanza mapema zaidi, kana kwamba walizaliwa na hitilafu moja tayari na walikuwa wakingoja ya pili tu. Jeni yenyewe haikuonekana mpaka mwaka 1986.

Sasa angalia. Maradhi ambayo ndoa ya binamu huyaongeza ni yale yanayotaka mtoto apate nakala mbovu ya namna moja kutoka kwa mama na kutoka kwa baba pia. Huu si wa namna hiyo. Hapa hitilafu moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumweka mtoto hatarini, awe mzazi huyo ameoa binamu yake au ameoa mtu wa Lamu asiyemjua. Na mara nyingi haitoki kwa mzazi yeyote. Kwa hiyo neno la mavyaa wako halina mshiko kwa ugonjwa huu. Sikupi hili ukampige nalo. Nakupa ili wewe mwenyewe uache kuliamini.

La pili: mume wako anadhani damu ikipimwa, jina la mmoja wenu litasomwa. Naona hata wewe unadhani hivyo. Kati ya watoto wote wenye retinoblastoma, karibu asilimia 40 ndio waliozaliwa na hitilafu katika mwili mzima. Waliobaki, hitilafu zote mbili zilitokea ndani ya jicho tu lilipokuwa likikua, na haziwezi kwenda kwa mdogo wao wala kwa watoto wao. Kwa mtoto aliyeugua jicho moja kama wako, wanaokutwa nayo mwilini ni kama 15 kwa 100. Na hata miongoni mwa wenye hitilafu ya mwilini, wengi hawakuirithi. Ilizuka upya pale mtoto alipotungwa, na wazazi wakipimwa hawana. Kama ingekuwa familia nyingine, ningekwambia jibu mnaloliogopa hivyo huenda likawa "si mama, si baba".

Ila umeandika lile la ami yenu. Umeliweka mwisho kabisa, baada ya kila kitu, nami nadhani ndilo daktari angependa kulisikia kwanza. Usiliharakishe likawa hukumu. Zamani jicho la mtoto kutoka nje lilikuwa na sababu nyingi. Hata ile saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, ambayo hutokea zaidi penye malaria, huvimbisha taya na kusukuma jicho. Lakini kama ilikuwa retinoblastoma, hesabu niliyokupa hubadilika. Na tazama, marehemu ni ndugu wa babako na ni ndugu wa baba wa mumeo. Hakuna upande wa kunyooshewa kidole, kwa sababu ami ni wa nyote wawili. Sijui kama hilo litampoza mume au litamtisha zaidi. Wewe unamjua.

Na kuna jambo hamkuambiwa, au liliwapita kwa haraka za siku ile. Kabla ya damu, wazazi wenyewe wanaweza kukaguliwa macho. Mnatiwa matone ya kupanua mboni, daktari anaangalia nyuma ya jicho, mnarudi nyumbani mkiona ukungu kwa saa chache. Wako watu wazima wenye hitilafu hiyo ambao uvimbe wao ulikoma wenyewe utotoni ukaacha kovu, na hawakuwahi kujua. Ukaguzi huo hauna sampuli ya kupelekwa popote, na macho hukaguliwa hapa hapa Mombasa. Mtu anayesema hapana kwa sindano ya utafiti huenda akasema ndiyo kwa matone ya macho. Huenda pia asikubali, kama anachokiogopa hasa ni kujua.

Nije kwa wa tumboni. Umeandika kana kwamba usipotia sahihi umemtupa. Ukaguzi wa macho yake haungoji utafiti wala damu. Mtoto anayezaliwa nyumba yenye ugonjwa huu hutakiwa kuonwa na daktari wa macho katika wiki za kwanza, kisha arudiwe kila baada ya muda kwa miaka kadhaa. Akiwa mchanga huwezekana kumshika tu. Akipita miezi miwili hivi mara nyingi hulazwa kwa nusu kaputi ili jicho lote lionekane. Inachosha, ina gharama, na kila nusu kaputi ina hatari zake. Hapo ndipo faida ya kipimo cha damu inapoonekana: hitilafu ya binti ikijulikana, mdogo wake hupimwa kwa hiyo hiyo moja, hata kwa damu ya kitovu siku ya kuzaliwa, na asipokuwa nayo huachiwa, hana haja ya kulazwa kila mara. Akiwa nayo, hukaguliwa kwa karibu sana, uvimbe ukakamatwa ungali mdogo kiasi cha kuokoa hata jicho.

Kuwahi kuna uzito gani, hili sikufichi. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watoto 4,351 waliogunduliwa mwaka 2017 katika nchi 153. Katika nchi tajiri, nusu ya watoto walikuwa wameshagunduliwa kufikia miezi 14 ya umri. Katika nchi maskini kabisa ilikuwa miezi 30 na zaidi. Waliogunduliwa saratani ikiwa tayari imesambaa mwilini, katika nchi tajiri hawakufika hata mmoja kwa mia, katika nchi maskini kabisa walikuwa karibu 19 kwa mia. Ubani na kisomo havikumwua mtu, mwanangu, na sisemi uliwahi au ulichelewa. Binti yupo hai. Nasema tu kwamba huyu wa pili ana bahati ambayo dadake hakuwa nayo: kabla hajazaliwa, watu wanajua pa kumtazama.

Sasa ile karatasi. Ukichunguza utaona una haki ya kuuliza kama majibu yatarudi kwenu, na lini. Kuna kupima kwa ajili ya matibabu, ambapo daktari anakuandikia jibu, na kuna kupima kwa ajili ya utafiti, ambapo maabara hukusanya sampuli za wengi na majibu ya mtu mmoja mmoja huenda yasirudishwe kabisa, au yakachukua muda mrefu. Una miezi miwili tu. Usije ukaivunja amani ya nyumba kwa jibu ambalo lingekuja mtoto akiwa anatembea. Muuguzi yule pengine alizungumza kwa nia njema akachanganya mawili hayo. Uliza pia nani analipa, sampuli zinakaa wapi, kwa muda gani, na mkibadili nia zinatolewaje.

Kwa nini wanataka kipande cha jicho na damu isiwatoshe? Kwa mtoto wa jicho moja, hitilafu zote mbili zimo ndani ya uvimbe. Wakizisoma pale, wanajua cha kutafuta kwenye damu. Wasipozikuta kwenye damu, mashaka hupungua sana. Damu peke yake ikitoka safi huacha shaka kidogo, kwa sababu wako watoto ambao hitilafu imo katika baadhi tu ya seli zao. Na kwa nini ng'ambo? Ugonjwa huu humpata kama mtoto mmoja kwa kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, kwa hiyo hakuna nchi moja yenye watoto wa kutosha kujibu maswali yote. Hiyo ndiyo sababu. Bado mume wako ana haki ya kutoridhika nayo.

Tena simwiti mjinga kwa hofu yake. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, mama mmoja mweusi aitwaye Henrietta Lacks alichukuliwa chembe za saratani yake bila kuulizwa. Chembe hizo zinaishi maabara za dunia nzima mpaka leo, na wanawe hawakujua chochote mpaka miaka ya sabini. Mwaka 2023 ndipo warithi wake walipopatana na kampuni moja iliyonufaika nazo. Kwetu Kenya, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za vinasaba katika fungu la taarifa nyeti, na utafiti wa namna hii unapaswa kupitishwa na kamati ya maadili na kuwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Waombe wawaonyeshe. Mtafiti mwenye haya hakasiriki kwa swali hilo.

Na ile siri yako? Siwezi kukuambia uende wala usiende. Nikuulize tu: jibu likija, utalipokea kwa simu ipi? Likiwa zuri, utakaa na furaha usiyoweza kuitamka, huku mavyaa akiendelea na wimbo wake. Likiwa baya, hatua inayofuata ni kuwaita wazazi wote wawili, na hapo atajua jibu na atajua ulikwenda bila yeye, siku moja. Huenda akakusamehe, wanaume wengine huona afadhali mke aliyethubutu. Huenda akasema kumbe hata hili ulinificha. Upande wa pili nao una uzito: mama anayeona hatari akanyamaza kwa kulinda amani hubeba mzigo ambao hakuna wa kumsaidia kuubeba. Kama angekukataza hata macho ya mtoto yasikaguliwe, mazungumzo yetu yangekuwa mengine. Lakini hujaandika hivyo. Umeandika kwamba amekataa karatasi.

Kuna njia ya katikati ambayo sijui kama imetajwa kwenu. Si lazima wazazi wapimwe. Huweza kupimwa kipande cha uvimbe na damu ya binti peke yake, kisha, ikihitajika, damu ya kitovu ya mdogo wake. Lile analoliogopa mumeo, kusomewa jina, halipo katika mpango huo. Nisikudanganye lakini: watoto wote wawili wakikutwa nayo, itakuwa imetoka kwa mmoja wenu, na swali lake la usiku litarudi na nguvu zaidi. Mkitaka kwenda huko, afadhali mzungumzie kabla: mtasemaje kwa wazee, na nani atasema. Hospitali nyingine zina washauri wa kukaa na mume na mke pamoja kwa saa nzima bila karatasi mezani. Mwanamume aliyenyamaza mpaka Voi huenda anahitaji saa hiyo kuliko wewe.

Kuhusu posa, binti ana miaka mitatu, na hiyo ni hofu yako wewe. Ila kama ana hitilafu hiyo, ipo sababu yake mwenyewe ya kuijua akikua: kila mtoto wake atakuwa na nusu ya uwezekano wa kuirithi, naye atakuwa na hatari zaidi ya saratani nyingine kama za mifupa, na madaktari watajihadhari na mionzi kwake. Kama hana, ataishi bila wasiwasi huo. Nani azishike taarifa hizo mpaka atakapokuwa mkubwa, hilo ni lenu la kuamua, na mna haki ya kuuliza hospitali inazifungia wapi.

Limebaki jicho lenyewe. Mavyaa aliuliza swali la haki akapewa jibu la kumnyamazisha, na nadhani hapana ya mumeo ilianzia hapo. Kinachohifadhiwa kwa kawaida ni vipande vilivyogandishwa ndani ya nta, vya kukatwa utando mwembamba wa kutazamwa kwa darubini. Nendeni mkaulize mabaki yako wapi na kama yanaweza kurudishwa mkayazika. Jibu laweza kuwa kwamba sehemu lazima ibaki, kwa sababu huenda binti akaihitaji kwa matibabu baadaye. Mchukueni na mama mwenyewe, asikie kwa masikio yake.

Hayo yote yana nafasi yake. Wiki hii, utakapokwenda kliniki ya wajawazito, mwambie mkunga kwamba dadake mtoto alitolewa jicho kwa retinoblastoma, umwombe aandike kwenye kitabu, na akuambie ni daktari gani wa macho atakayempokea mtoto akizaliwa. Mumeo aweza kuwa amesimama hapo hapo, hakuna la kumficha.

Somo